Zawadi Itangazayo: Biashara za Galu na Funzo la Leso

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa sana na wenye maduka, na yamkini ndiyo inayowafanya baadhi yao kuiona kila shilingi ya matangazo kuwa hasara. Katika Galu, hata hivyo, methali hiyo hupungukiwa. Kijiji hiki kimekaa kati ya Diani na Kinondo, na sehemu kubwa ya riziki yake hutegemea watu wasiokaa. Mgeni huja na upepo wa kaskazi au wa kusi, akateleza baharini kwa ubao na tiara, akala samaki, akanunua kinyago, kisha akapanda ndege. Masika yanapoingia, ufuo hubaki na wenyewe. Kizuri kitajiuzaje kwa mtu asiyekiona tena?

Jibu ambalo wafanyabiashara wengi wamelishika ni kumpa mteja kitu cha kwenda nacho: kofia, fulana, kalamu, kikombe, kila kimoja kikiwa na nembo ya aliyekitoa. Wazo hili lina umri mkubwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1880, mwenye gazeti mmoja wa mji mdogo wa Coshocton, Ohio, aitwaye Jasper Meek, alimshawishi muuza viatu awape watoto wa shule mikoba ya gunia iliyochapishwa tangazo la duka lake. Mtoto akapata cha kubebea vitabu, duka likapata watembezi wasiodai mshahara. Wengi walioiga mbinu hiyo baadaye waliichukua nembo wakauacha mkoba. Walisahau kwamba mtoto aliubeba mzigo ule kwa kuwa alikuwa na vitabu, wala si kwa kuwa aliyapenda matangazo ya viatu.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuhitaji kufunzwa hayo na Ohio. Mnamo 1887, takriban wakati huohuo, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza biashara mjini Mombasa, na leso zake zikaja kutambulikana kwa maneno mafupi: Mali ya Abdulla. Leso, au kanga kama iitwavyo Tanzania, ina pindo, ina mji katikati, na ina jina, yaani ule msemo unaomfanya mwanamke achague hii aiache ile. Jina huandikwa kwa herufi kubwa mahali pa kusomeka. Alama ya mwenye duka huwekwa kwa herufi ndogo, kama mtu aliyeketi karibu na mlango. Ni kweli kwamba leso hizo ziliuzwa, hazikugawiwa bure. Lakini kwa mintarafu ya matangazo tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Leso ile ilimbeba mtoto mgongoni, ikaingia arusini na matangani, ikafunika bakuli la futari lililopelekwa kwa jirani, na kila ilipokwenda jina la duka lilikwenda nayo bila kupiga kelele.

Ni muhimu kuutafakari udogo wa alama ile. Siku hizi huonekana leso za kugawiwa ambazo mji wake wote umejazwa nembo ya kampuni au, uchaguzi unapokaribia, uso wa mgombea. Na pale ambapo jina lingekaa pamewekwa nambari ya simu. Mwanamke wa Kidigo hupokea, kwani kukataa zawadi si adabu. Ataivaa wapi? Hawezi kwenda nayo kumpa mkono mfiwa huku amejifunga bango. Basi leso hiyo huishia kupangusia sakafu, nayo kampuni, iliyogharimia kitambaa na rangi na usafiri, haina habari kwamba jina lake linakanyagwa jikoni. Kadiri mtoaji anavyojitanua juu ya zawadi yake, ndivyo anavyoufupisha umri wake.

Kinyume chake ni kalenda ya Ramadhani. Hicho ni kipande cha karatasi tu, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na fulana. Duka la vifaa vya ujenzi au la nguo huchapisha nyakati za kufunga na kufuturu, likaweka jina lake juu na mahali lilipo chini, likaigawa kwa wateja na misikitini. Karatasi hiyo hubandikwa ukutani na kutazamwa alfajiri na magharibi kwa siku 29 au 30, na nyumba nzima, pengine na jirani aliyekuja kuuliza saa. Mwezi ukiandama siku nyingine, mwenye nyumba hurekebisha tarehe kwa kalamu, asiitupe. Katika vijiji vya Kwale, ambako Waislamu ni wengi, ni kofia gani iwezayo kushindana nayo?

Reflekta za bodaboda ni za ukoo huohuo: dereva anahitaji vazi ambalo sheria humtaka alivae, na anayempa humfanya atembeze jina lake barabarani kutwa kucha. Mfuko wa plastiki nao ulikuwa mtangazaji mkubwa hadi Kenya ilipoupiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Baada ya hapo mteja wa duka kubwa alianza kuununua mfuko mbadala wenye nembo, yaani kulipa ili amtangaze mwingine. Huo ni ujanja, si zawadi.

Kwa hivyo mwenye biashara ndogo ya Galu, ambaye fedha yake ya matangazo hutoka katika faida ileile inayolisha watoto, hana sababu ya kuagiza kofia mia zinazofanana na za kila mtu. Leso chache zilizotungiwa jina jema, zenye alama ya duka pembeni, zitamfaa zaidi. Mgeni ataitandika ufuoni, kisha ataitundika ukutani kwake, na atakayeuliza maana ya maneno yale ataelezwa na habari ya Galu. Mwenyeji naye ataivaa. Bila shaka jina lenyewe lisiwe Hakuna Matata, ambayo imekwishachujuka kwa kufuliwa mno.

Na hapa ndipo penye uzito kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kutunga jina la leso ni kazi: maneno machache yaliyopimwa, yenye fumbo linalomruhusu mvaaji kusema bila kufungua kinywa, na yasiyomwaibisha akikutana na mkwewe. Mfanyabiashara anapoagiza leso mia mbili humlipa mwenye kitambaa, mchora nembo na mchapaji. Mtunzi huombwa tu, kwa njia ya simu na kwa haraka, ataje methali yoyote anayoikumbuka.