Kwa nini mwanafunzi wa urubani alipie kutembea polepole?

Jamani, leo naomba niwachokoze marubani na wenye shule zao.

Kijana anayesomea urubani pale Wilson, Nairobi, akikutana na washkaji swali la kwanza ni moja tu: una saa ngapi? Wanamaanisha za angani. Hakuna anayemuuliza anaitembezaje ndege ardhini upepo ukiwa mkorofi. Mimi naona tunauliza swali la pili kwa umuhimu.

Chukua Cessna 172, hizi za kufundishia zenye mbawa juu. Ikijazwa watu na mafuta inafika kama tani moja na kidogo, lakini mbawa zake zina eneo la mita za mraba 16. Sasa wewe uliyewahi kubeba bati moja siku ya upepo unanielewa. Bawa halijui kama umeshatua au bado. Upepo ukipita, linataka kunyanyuka. Na hesabu yake si ya dukani: mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Ndiyo maana upepo wa kushtukiza, unaotulia halafu ghafla unapiga, unatisha kuliko mkali unaovuma sawasawa.

Dawa ipo, na inafundishwa. Upepo ukitoka mbele kushoto, unakata usukani kushoto. Eileroni ya kushoto, kile kibamba cha nyuma ya bawa, inainuka na upepo unalikandamiza bawa chini. Ukitoka nyuma kushoto unafanya kinyume: unakata kulia na kuusukuma usukani mbele, ili upepo uukalie mkia. Huu wa nyuma kwa ubavu ndio wenye hila. Unaingia chini ya bawa na chini ya mkia kwa pamoja, na kama unakata kona kwa kasi, ndege inalalia tairi la mbele na bawa la upande wa pili. Panga likigusa lami, injini nayo inabidi ifunguliwe ikaguliwe. Hiyo ni bili ambayo hakuna mwanafunzi anataka kuiona.

Kumbuka kila kona ya kuelekea runwei inaugeuza upepo upande mwingine, na mikono yako inatakiwa igeuke nao. Hapo unahitaji mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na kichwa kilichotulia.

Kitatulia vipi, wakati mita ya malipo inakimbia? Mtindo uliozoeleka katika shule nyingi duniani ni kutoza kwa kipimo kinachoanza kuhesabu injini ikiwaka. Ukisimama kungoja upepo upoe, unalipa. Ukitembea taratibu, unalipa. Kijana ambaye mzazi kauza kiwanja kumlipia ada, unadhani atatembea taratibu? Mkufunzi naye, kama analipwa kwa saa za kuruka, siku anayosema "leo hapana" anarudi nyumbani mikono mitupu.

Halafu kuna ile namba ya kwenye kitabu cha 172: upepo wa ubavuni wa noti 15, kama kilomita 28 kwa saa. Watu wanaishika kama ruhusa. Kumbe ni upepo ambao ndege ilijaribiwa nao katika kuruka na kutua. Haisemi lolote kuhusu mwanafunzi wa wiki ya tatu anayekata kona huku kapigwa na upepo wa mgongoni.

Najua mwenye shule atanijibu kwamba mafuta yanaungua hata ardhini. Ni kweli kabisa. Basi ayaingize kwenye bei ya saa ya angani, hata ikipanda kidogo, na dakika za ardhini ziwe bure. Na mwanafunzi akiahirisha kwa sababu ya upepo asitozwe faini, hata kama mwenzake kaondoka dakika kumi zilizopita.

Wenye shule, nangoja majibu yenu.