Tumuulize Mcheza Ngoma Anacheza Juu ya Nini

Kijana wa miaka 19 aliingia kliniki akichechemea, akaamkia, kisha akaketi akiwa ameunyoosha mguu wa kulia. Katika majuma 5 alikuwa amekwisha kuchomwa sindano za kutuliza maumivu mara 3, na kila mara aliambiwa kuwa ni misuli. Nilipoubonyeza muundi wake kwa kidole kimoja, upande wa ndani, karibu na theluthi ya chini, alishtuka na kunishika mkono. Picha ya eksirei ilionyesha ufa katika mfupa. Nilizipekua karatasi zake zote. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kwamba yeye ni mchezaji wa sindimba.

Simlaumu aliyemwona kwanza. Nami nilisoma anatomia kwa miaka mingi pasipo kulisikia neno ngoma darasani. Tulipofundishwa ufa wa mfupa unaotokana na uchovu, mifano yetu ilikuwa askari wa matembezi marefu na mkimbiaji. Lakini tunaohudumu Mtwara, kutoka Mikindani hadi vijiji vya mlangoni mwa Ruvuma, hatuna udhuru huo. Hapa ngoma ni jando na unyago, ni harusi, ni mapokezi ya wageni, na kwa vijana wengi ni kipato.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani walikwisha kulitambua jambo hili kwa wachezaji wa baleti, hata mwaka 1990 kikaanzishwa chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi. Walijifunza, kwa mfano, kwamba paja hugeuka kuelekea nje kwa kiasi kinachoruhusiwa na umbo la nyonga, na kwamba mchezaji anayelazimisha zaidi ya hapo hulipia kwa goti na kifundo cha mguu. Majukwaa yao mengi hujengwa kwa sakafu inayonesa ili ipokee sehemu ya kishindo.

Sindimba ina hesabu yake. Magoti hukunjwa, kiwiliwili huinama mbele, kiuno hutikiswa kwa kasi, nyayo hukanyaga kwa nguvu. Goti linapokunjwa chini ya uzito wa mwili, pia ya goti hukandamizwa juu ya mfupa wa paja, na mkandamizo huo huongezeka kadiri mtu anavyozidi kuchuchumaa. Kiuno kinaposukumwa nyuma mara kwa mara, viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili za chini za uti wa mgongo hubanana. Kwa kijana ambaye bado anakua, mfupa wa hapo unaweza kupasuka. Wacheza mapiko, wanaoona kupitia mdomo wa kinyago, na wa mironjo, ambao hatari yao kubwa ni kuanguka, wanastahili makala yao wenyewe.

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni ardhi. Wazee walicheza mchangani, na mchanga hupokea kishindo. Vijana wao huitwa kucheza juu ya vigae vya ukumbi, saruji ya uwanja na lami yenye joto la saa 7 mchana, wakimsubiri mgeni ambaye amechelewa. Nyayo ni zile zile, tena tupu.

Mwili nao haupewi muda wa kujiandaa. Mfupa ni kiungo hai: unapoongezewa mzigo, chembe zake huondoa kwanza sehemu iliyochakaa ndipo zijenge mpya. Katika majuma ya mwanzo, basi, mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Kikundi kilichokaa miezi bila mazoezi, kikaanza kufanya mazoezi kila jioni kwa sababu tamasha la MaKuYa limekaribia, kinaongeza mzigo katika majuma hayo hayo. Wengine hushinda wakibeba magunia ya korosho msimu wa bandari, kisha jioni huinama tena kuicheza ngoma. Mgongo hautofautishi gunia na ngoma.

Wasichana tuwaulize pia juu ya chakula na hedhi. Mchezaji anayekula pungufu ya nguvu anazotumia, iwe ni kwa kutaka wembamba kama ilivyo katika baleti au kwa kukosa mlo wa pili kama ilivyo kwetu, mwili wake hubana matumizi: hedhi huvurugika au hukoma, na mifupa hupoteza uimara.

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba penye malaria na vifo vya wajawazito, habari hizi ni anasa. Sikubaliani naye. Kuuliza unacheza nini, saa ngapi, juu ya nini, hakuhitaji mashine. Maumivu yanayoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayozidi kwa kucheza, yachukuliwe kuwa ufa hata kama eksirei ni safi, kwa sababu katika majuma 2 au 3 ya mwanzo picha huweza isionyeshe kitu. Sindano ya kumwezesha mtu kupanda jukwaani usiku huo huo humnyang'anya onyo pekee alilo nalo. Na kumwambia "acha ngoma" ni kumfukuza: hatarudi kliniki, ila ngomani atarudi. Afadhali kumpumzisha kukanyaga na kuruka, abaki na ngoma za kupiga na kuimba, kisha arejeshwe hatua kwa hatua pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia.

Kijana wangu alikaa miezi 4 bila kucheza, akipiga ngoma. Juma lililopita alinipigia simu: kikundi kimealikwa, je, aende? Nilimuuliza watachezea wapi.

"Bado hatujaambiwa, Daktari."