Shaba inafika baharini, mwenyeji wake anabaki kwenye kizuizi

Kila siku mamia ya kamioni zinavuka Kasumbalesa zikibeba shaba na kobalti ya Kolwezi, Fungurume na Likasi. Nyingi zinaelekea Dar es Salaam, karibu kilomita 2,000 kutoka Lubumbashi. Zingine zinashuka hadi Durban, Beira ao Walvis Bay. Wakati wa kurudi zinatuletea mashini, salfa, vitambaa, na zile motokari za Japani zenye usukani upande wa kuume. Karibu kila kitu tunachotumia huku kimeona bahari. Sisi wenyewe, tulio wengi, hatujaiona.

Njia ipo, na kwa sehemu kubwa ni lami. Lakini upande wetu njia hiyo imepangwa kwa ajili ya mzigo. Mtu anayepita bila mzigo haeleweki, na anayepita kwa kutaka tu kutembea anaonekana kuwa mwongo. Nitajaribu kuonyesha kwamba jambo hilo linatugharimu sote, hata yule ambaye hana hamu yoyote ya mawimbi.

Nimezungumza na bwana na bibi mmoja wa Kakanda, huko upande wa Likasi, ambao walifanya safari hiyo wakati wa likizo ya masomo. Hawataki majina yao yatoke. Bwana ni fundi wa kusude vyuma, bibi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wazungu wanaopita na karavani zao nyuma ya motokari wananunua vitu hivyo kwa bei ya nyumba. Huyu fundi alijitengenezea: ekseli ya pikapu ya zamani, mabati, mbao, bashi juu, godoro ndani, reshu ndogo ya gazi na bidoni mbili za maji. Watoto wa mtaa wakaipa jina: nyumba ya kufuata.

Vita ya kwanza ilikuwa nyumbani. Kwetu mtu anasafiri kwa sababu ya kilio, ndoa, ugonjwa, biashara ao vita. Bwana kumchukua bibi yake peke yake, bila watoto, kwenda kulala kando ya maji ya chumvi na kurudi mikono mitupu, hilo halina jina. Jamaa ya bwana walisema bibi amemkula akili. Wengine waliuliza nani amekufa huko Tanzania. Mama wengi wa Likasi na Lubumbashi wanajua Kariakoo duka kwa duka, wamekwenda Dar es Salaam miaka na miaka, na hawajakanyaga mchanga wa bahari hata mara moja, kwa sababu siku moja ya kukaa bila kununua ni siku ya hasara. Siwalaumu. Ninasema tu kwamba tumejifunza kujiona kama kamioni.

Na kwa wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na Uvira najua neno lenyewe ni zito. Kulala ndani ya motokari, kupika kando ya barabara, kuweka bashi: wengi wamefanya hayo kwa kukimbia. Huku Katanga kambi ni nyumba za wafanyakazi wa kampuni, huko Kivu ni mahali pa wakimbizi. Kambi ya kupumzika bado hatuijui.

Kisha zikaja karatasi. Kwa miaka mingi pasipoti ya Kongo iliuzwa dola 185, kati ya zile za bei kali sana duniani. Tangu mwaka 2020 bei ilishuka chini ya dola 100, lakini kwa mshahara wa mwalimu hizo si pesa ndogo. Kuna kadi ya njano ya chanjo, na kuna kadi ya njano nyingine, ile ya COMESA, ambayo ni bima ya motokari na inakubaliwa Zambia na hata Tanzania. Bwana alizichanganya mara mbili kwenye dirisha. Kuna pia karatasi ya kuonyesha kwamba motokari inatoka kwa muda tu, ili wakati wa kurudi usiambiwe kwamba unaingiza gari jipya. Kwa remorki iliyotengenezewa nyuma ya nyumba huko Kakanda, bila kiwanda wala namba ya kiwanda, ninyi wenyewe fikirini.

Kwenye kizuizi kimoja, bado upande wetu, mtumishi alizunguka remorki mara tatu.

“Papa, mule ndani muko nini?”

“Muko kitanda.”

“Kitanda ya kwenda kuuzisha wapi?”

Walibaki pale saa nne. Mwishowe walilipa, bila karatasi, kwa ajili ya godoro lao wenyewe.

Ng’ambo ya mpaka mambo yakabadilika, na sisemi kwamba Zambia na Tanzania ni paradiso. Polisi ya Zambia ilikagua mikanda ya kung’aa nyuma ya remorki, pembetatu mbili na kizima moto. Tanzania, kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na nyuma ya mwembe kuna askari mwenye tochi ya kupima mwendo. Walikamatwa mara moja. Faini ilikuwa shilingi 30,000, wakapewa risiti, wakaenda zao. Bwana aliniambia kwamba risiti hiyo ameitunza, kwa sababu ni karatasi ya kwanza aliyopewa njiani na mtu mwenye unifomu bila kuiomba.

Kuna jambo moja ambalo wasafiri wa Ulaya hawawezi kulipata na sisi tunalo bure. Kutoka Kasumbalesa, kupita Kapiri Mposhi, Serenje hadi Mpika, Kibemba cha kule Likasi kinatosha kununua mafuta na kuuliza njia. Ukifika Tunduma Kiswahili kinakupokea na hakikuachi hadi majini. Lugha mbili za nyumbani, kilomita 2,000. Watanzania walikicheka Kiswahili chao, ndiyo, lakini waliwaelewa. Resori ya remorki ilipovunjika kabla ya Mpika, aliyesimama ni dereva wa kamioni, Mtanzania anayepanda Kolwezi kila mwezi. Alikaa chini ya remorki pamoja nao hadi jua likazama. Hata usukani wa motokari yao, ambao kwetu uko upande usiofaa, huko ulifaa, maana Zambia na Tanzania wanapita kushoto. Bibi ndiye aliyeendesha kutoka Mbeya.

Walishuka mlima wa Kitonga nyuma ya kamioni zenye breki zinazonuka. Walikatiza mbuga ya Mikumi, ambapo barabara kuu inapita katikati ya wanyama kwa kilomita 50 hivi. Kila usiku walilala mahali penye mlinzi na hawakuendesha kisha saa kumi na moja jioni. Hiyo ndiyo shauri ya kwanza wanayompa mtu yeyote: usiku barabara hiyo ni ya kamioni.

Baada ya Dar es Salaam walipanda pwani hadi Bagamoyo, kisha Pangani na Tanga. Bagamoyo ilikuwa haja ya bibi. Darasani anafundisha habari za Msiri, Mwami wa Bayeke, na Bunkeya si mbali na Kakanda. Msiri mwenyewe alitokea upande wa Tabora, akajenga ufalme kwa shaba, chumvi na pembe za tembo, na misafara yake ilifika pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Mwaka 1891 msafara wa kapiteni Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold, ulipitia Bagamoyo kuelekea Bunkeya, na tarehe 20 Desemba mwaka ule Bodson akampiga Msiri risasi. Watoto wa Kakanda wanaimba tarehe hiyo kwa kichwa. Mwalimu wao alitaka kuona mahali ambapo watu hao walianza kutembea. Alikaa ufukweni asubuhi nzima. Aliniambia kwamba jambo lililomshangaza ni ufupi wa njia: babu zetu waliitembea kwa miguu kwa miezi mingi, yeye aliifanya kwa siku saba, na hata hivyo babu zetu walikwenda mara nyingi kuliko sisi.

Najua watakaosema kwamba haya ni mambo ya walioshiba. Kakanda ni mji wa vumbi na ajira ya kubahatisha. Mwaka 2023 wizara ya Mazingira ilisimamisha kazi za Boss Mining huko kwa sababu ya kuchafua mazingira, na wakaaji walipoteza mashamba na mishahara kwa wakati mmoja. Mbele ya hayo, unatuletea habari za godoro juu ya magurudumu?

Ndiyo, ninaileta. Mfanyabiashara akiombwa pesa kwenye kizuizi, anatoa, kisha anaiongeza kwenye bei ya gunia. Unga wa mahindi tunaokula Likasi na Lubumbashi unatoka Zambia kwa sehemu kubwa, na kila noti iliyoachwa njiani iko ndani ya bugali yako, ndugu msomaji. Huioni, na yeye hailalamikii kwa sababu umeilipa wewe. Lakini bwana na bibi wanaokwenda kutembea hawana mteja wa kumwekea hasara hiyo. Inabaki mfukoni mwao, wanaihesabu, wanaisema. Ndiyo maana msafiri wa namna hii ni kipimo kizuri cha barabara kuliko ripoti yoyote. Siku atakapopita bila kulipa kwa ajili ya kitanda chake, unga nao utakuwa umeshuka.

Na sheria tunayo tayari. Dekreti namba 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 inataja huduma nne tu ambazo zina ruhusa ya kufanya kazi mipakani: duani, uhamiaji, ofisi ya kukagua bidhaa (OCC) na huduma ya usafi na afya. Nne. Serikali imekumbusha hilo mara nyingi, na yeyote aliyevuka mpaka anaweza kukuambia amekutana na watu wa ofisi ngapi. Inchi yetu ilitia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, tukacheza, tukapiga makofi. Mwananchi wa jumuiya hiyo anaahidiwa kutembea kwa uhuru. Uhuru huo unaanzia kwenye kizuizi cha kwanza nje ya mji wako.

Wengine wameniuliza kwa nini wasiende kwenye bahari yetu wenyewe. Tunayo, karibu kilomita 40 za pwani huko Muanda, na huko Banana kazi ya bandari ya maji marefu ilizinduliwa mwezi wa kwanza 2022. Barabara ya taifa namba 1, ile ile inayopita Likasi, kwenye ramani inafika hadi Banana. Kwenye ramani. Mwaka 2010 Wabelgiji wawili, bwana na bibi, walitoka Lubumbashi na Land Cruiser yenye vifaa vyote ili kufika Kinshasa kwa barabara. Iliwachukua wiki nyingi za matope, na Kinshasa si bahari bado. Yaani kwa mkaaji wa Kakanda ni rahisi zaidi kupita inchi mbili za wageni kuliko kuvuka inchi yake. Yule anayetuomba uzalendo wa utalii atengeneze kwanza Kamina hadi Tshikapa.

Sasa kila mtu anaimba Lobito. Rais Joe Biden wa Marekani alifika huko mwezi wa 12 mwaka 2024, na hotuba zote zilihusu madini. Nimezisoma. Nilitafuta mahali ambapo mtu wa Kolwezi ao Likasi anatajwa kama abiria, mwenye tiketi na sanduku, anayekwenda kuona Atlantiki. Sikupata.

Magavana wa Haut-Katanga na Lualaba hawahitaji mkopo wa benki ya dunia kwa hili. Karatasi ya kutoka kwa muda itolewe mjini, Likasi ao Lubumbashi, kabla ya kufunga safari. Mpakani kuwe na dirisha moja la motokari za jamaa, mbali na mstari wa kamioni. Na bei za kila huduma zibandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama mwenye miwani anaweza kusoma akiwa ndani ya gari.

Bwana na bibi wa Kakanda wanataka kurudia likizo ijayo, safari hii hadi Mombasa. Resori wamebadilisha. Jirani mmoja, kati ya wale waliowacheka, alikuja juzi kupima remorki kwa kamba, na sasa anatafuta ekseli.