Sarafu na Mahali Ilipozikwa

Katika sarafu zote za kale zilizotiwa chapa ya dini, hazijanivuta moyo nyingine kama zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo upande mmoja hutangaza kwamba mwenye enzi amemtumainia Mola, akimtaja kwa sifa mojawapo ya sifa Zake tukufu, na upande wa pili hutaja jina la mwenye enzi mwenyewe, pande mbili hizo zikikomea katika kina kimoja, kana kwamba aliyezichora alikuwa mshairi kabla ya kuwa mfua shaba. Hazina sura ya mtu wala ya mnyama, na aghalabu hazina tarehe. Desturi hiyo ya kushika maandishi na kuiacha sura ilikuwa na asili yake mbali, kwa Khalifa Abd al-Malik wa Dameski, ambaye mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 au 697 Miladia, alitoa dinari zisizo na taswira yoyote, zilizobeba shahada na maneno ya Suratul Ikhlas.

Wahabeshi wa Aksum walishika njia nyingine. Mfalme Ezana, katika karne ya 4, alitoa kwanza sarafu zenye hilali na duara, alama za miungu ya wazee wake, na alipoingia katika Ukristo akaziondoa akaweka msalaba, hata leo mtu akizitia sarafu mbili hizo kiganjani huiona dini ya dola nzima ikigeuka mbele ya macho yake. Baadhi ya wafalme waliomfuata waliipamba alama hiyo kwa dhahabu hata juu ya sarafu za shaba, kazi ya taabu na ya mapenzi juu ya kipande cha thamani ndogo, cha kupitishwa sokoni toka mkono hata mkono.

Basi simlaumu mtu apendaye kukusanya vitu hivi, kwani mapenzi hayo ninayo mimi pia. Nimlaumuye ni yule anunuaye sarafu asiulize ilitoka katika ardhi gani, akaridhika na uzuri wake na uchache wake, ilhali nusu ya maana yake imebaki shimoni ilimong'olewa.

Ithibati yangu ni Pemba. Wanazuoni walikuwa wamekadiria kwamba Ali bin al-Hasan, atajwaye katika sarafu hizi zenye vina, alitawala Kilwa yapata mwaka 1200. Mwaka 1984 zikafukuliwa Mtambwe Mkuu sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingi ndogo mno, zenye majina ya watawala wa pwani yetu, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimi, zilizoandikwa tarehe zake. Zile za fedha, ambazo zenyewe hazisemi mwaka, zikajulikana umri wake kwa ujirani, na Ali bin al-Hasan akarejeshwa nyuma hata karne ya 11. Lau mtu angalizikuta kabla ya wachimbaji hao, dhahabu akaiuza kwa sonara na fedha kwa wageni wapitao, kila sarafu ingalikuwapo bado mahali fulani duniani, nzima, yenye kusomeka, na tarikhi yetu ingalibaki na kosa la zaidi ya miaka mia.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, nayo humtaka aliyevumbua athari ya kale kutoa taarifa. Ni sheria njema, lakini mvuvi aokotaye sarafu ufukweni baada ya mvua za masika hana sababu ya kuipenda ikiwa ajacho kupata kwa uaminifu wake ni maswali ya askari, na kwa mnunuzi wa faragha hupata fedha taslimu. Rai yangu ni kwamba serikali imlipe mvumbuzi bei ya haki papo hapo, jina lake liandikwe katika jumba la makumbusho kando ya alichokileta, na afisa aende naye hadi mahali pale, apapime na kupachora, kabla mawimbi hayajapafuta. Na mkusanyaji, awe Muscat au London, asiinunue sarafu ambayo muuzaji hawezi kumtajia ilikotoka.