Usituambie "Usidai"

Jiwe lilichomoka kwenye tairi la tipa la kokoto, maeneo ya Mlandizi. Alama iliyobaki ilikuwa ndogo kama punje ya dengu, upande wa usukani. Siku ya tatu ukaanza ufa, na wiki ya pili ulikuwa umevuka kioo kizima. Asubuhi nikitoka Kibaha kuja mjini, jua linanipiga usoni, ule ufa unawaka kama waya wa moto, na anayevuka barabara simwoni mpaka nimemfikia.

Nina bima kubwa. Nikaenda kwenye kampuni iliyonikatia. Kijana wa kaunta akaniambia kwa upole: "Mzee wangu, hii usidai. Tukitoa sehemu unayobeba mwenyewe hakibaki kitu, halafu mwakani punguzo lako la kutodai limekwenda."

Nyumbani nikaufungua mkataba: Kiingereza kitupu, maandishi ya kusomea miwani. Ukurasa wa kumi na moja nikakuta kipengele cha kioo cha mbele. Kinalipwa hadi kiwango kilichotajwa, mteja hakatwi kitu, na punguzo haliguswi.

Kumbe nilikuwa nimeshakinunua! Gari la shilingi milioni 20, kwa asilimia 3.5, bima yake ni 700,000. Weka VAT ya asilimia 18, inafika 826,000. Siku ya kupokea fedha hizo hakuna aliyenishauri nisilipe. Kumwambia mteja asidai alichokilipia ni kumdhulumu, hata kama anayesema anatabasamu.

Na kioo cha mbele si urembo. Ni matabaka mawili yaliyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, ili kikipasuka kisiturushie vipande machoni. Gari likipinduka kinasaidia kulizuia paa lisibonyee. Kwenye magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria hufumuka ukiegemea kioo hichohicho. Magari mengi mapya zaidi yana kamera nyuma ya kioo, inayoongoza breki za dharura, na kioo kikibadilishwa lazima ipimwe upya. Sasa huyu mliyemwambia asidai mnamtuma wapi? Anakwenda kutafuta kioo kilichong'olewa kwenye gari lililokatwa, kinabandikwa kwa gundi yoyote, anaondoka haijakauka. Simlaumu yeye wala fundi wake. Au anabaki na ufa, trafiki anamwandikia faini ya 30,000, na kesho yupo barabarani na ufa uleule.

Kampuni zitasema watu watadanganya. Kule Marekani, sheria ya jimbo la Florida inakataza mwenye bima kubwa kukatwa chochote kioo cha mbele kikiharibika. Kesi za madai ya vioo zilipofurika, mwaka 2023 jimbo lilizipiga marufuku karakana kuwapa wateja zawadi ili wadai na kuchukua haki ya dai mikononi mwao. Haki ya mteja haikuguswa. Walimbana mlaghai, hawakumwadhibu dereva.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ifanye hivyohivyo. Kipengele cha kioo kiwe lazima katika kila bima kubwa, kiandikwe kwa Kiswahili ukurasa wa kwanza, na kiwango chake kitoshe bei ya kioo cha gari husika pamoja na ufundi. Wakala asiyekitaja anapouza bima awajibishwe. Hili halihitaji semina wala tume. Waraka mmoja unatosha.

Nilirudi kaunta na nakala ya ukurasa wa kumi na moja. Kijana aliusoma, akanyamaza, akavuta fomu ya madai na kuanza kuijaza. Nyuma yangu alisimama dada mmoja, simu mkononi, kwenye skrini picha ya kioo kilichotawanya nyufa kama utando wa buibui. Nilipomaliza nikamwachia nakala yangu.