Kicheko Kinachomfaa Tapeli

Januari 2025 televisheni moja ya Ufaransa ilitangaza habari za mwanamke aliyepoteza euro 830,000 kwa matapeli wa mapenzi ya intaneti, waliojifanya kuwa mwigizaji Brad Pitt. Walimpelekea picha za bandia zikimwonyesha mwigizaji huyo kalazwa hospitali, wakaomba fedha za matibabu. Umma ulicheka. Dhihaka zilizidi hata kipindi hicho kikaondolewa.

Wachekao huuliza, “Alishindwaje kutambua?” Swali hilo lina kasoro ya kisayansi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, hudhani kuwa angeliweza kuubashiri tangu mwanzo. Mwenye kucheka ameupata mkasa ukiwa umekwisha. Aliyetapeliwa aliuishi siku kwa siku. Hakuombwa euro 830,000 asubuhi moja. Zilitangulia salamu na mashairi, likafuata ombi la ushuru wa forodha wa zawadi ambazo hazikufika, ndipo ukaja ugonjwa. Na kadiri mtu anavyozidi kulipa, ndivyo inavyomwia vigumu kukiri kwamba amedanganywa. Kukiri ni kupoteza fedha na mpenzi kwa pamoja.

Huko Marekani, mwaka 2022, watu karibu 70,000 walitoa taarifa za utapeli wa namna hii, wenye hasara ya dola bilioni 1.3. Hao ni waliothubutu kusema. Nani atakwenda polisi akijua kwamba karani atamcheka kabla hajamaliza maelezo? Tapeli hulijua hilo, naye huanza kumwandikia mwingine.