Msimamizi wa Mirathi Si Mwenye Mali

Mtu anapofariki dunia bila kuacha wasia, mali yake haiwi ya jamaa mwenye sauti kubwa zaidi matangani. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huiachia mahakama jukumu la kumteua msimamizi wa mirathi. Huyo husimama mahali pa marehemu: hukusanya mali, hulipa madeni, kisha huwagawia warithi haki yao.

Tatizo ni kwamba wengi husikia "msimamizi" wakaelewa "mwenyewe". Ami akishaipata hati ya mahakama, huanza kuuza ng'ombe na kukodisha shamba, naye mjane hunyamaza akidhani kwamba serikali imekwisha kuamua. La hasha! Mali hiyo ni amana mikononi mwa msimamizi. Sheria humtaka awasilishe mahakamani orodha kamili ya mali na madeni katika muda wa miezi 6 tangu kuteuliwa. Hana ruhusa ya kuigawa kabla mahakama haijauthibitisha usimamizi wake. Tena, penye warithi ambao bado ni watoto, kwa kawaida usimamizi hauachiwi mtu mmoja peke yake. Wahenga walikwisha kunena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya mawakili. Hoja hiyo ina upungufu. Wakili aliyeajiriwa na msimamizi humtetea msimamizi. Si lazima awe wakili wa mjane wala wa yatima. Mrithi asiye na wakili wake hubaki na ngao moja tu, nayo ni kuyaelewa yaliyoandikwa kabla ya kutia sahihi. Ngao hiyo hupokonywa pale hati ya kumkubali msimamizi inapoletwa kwa Kiingereza, lugha ambayo pengine mrithi haimudu. Kidole gumba chenye wino hakithibitishi ridhaa ya mtu ambaye hakusomewa akaelewa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Wala Kiswahili hakina uhaba wa istilahi. Kinamtofautisha wasii, aliyeachiwa kazi na marehemu katika wasia, na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kina amana, wakfu, mirathi na dhamana. Kinachokosekana ni nia ya kuyatia maneno hayo katika fomu za mahakama.

Kazi hiyo ni ya wanasheria na wanafunzi wa Kiswahili kwa pamoja. Wanasheria watalinda usahihi wa maana. Wanafunzi watalinda ufasaha. Siku mjane atakapoisoma hati mwenyewe na kumuuliza shemejiye, "Daftari liko wapi?", ndipo amana itakapokuwa amana kweli.